Kama ulimwengu ni simulesheni, aliyeiwasha ni Mungu au ni fundi tu?

#1 Kipimajoto (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mada hii ikiletwa humu haifiki ukurasa wa pili kabla haijageuka vichekesho vya sinema. Safari hii naomba tuijadili kama teolojia. Tukikubali kwa muda kwamba ulimwengu huu ni simulesheni, yaani mwigo wa dunia nzima unaoendeshwa kwenye kompyuta ya mtu fulani, ni fundisho gani la dini linaguswa, na linaguswa wapi hasa?

Naanza na hoja yenyewe, maana wengi wanaibeba nusu. Mwanafalsafa Nick Bostrom aliichapisha mwaka 2003, na hakusema tunaishi ndani ya kompyuta. Alisema kati ya haya matatu, moja ni kweli:

1. Jamii za viumbe wenye akili kama sisi, karibu zote, hukwama au huangamia kabla ya kufikia uwezo wa kuendesha simulesheni za mababu zao.
2. Zinazofika huko, karibu zote hazina hamu ya kuziendesha.
3. Karibu watu wote wenye maisha ya aina yetu wamo ndani ya simulesheni.

Hesabu yake ni fupi. p ni sehemu ya jamii zinazofika, h ni sehemu ya hizo zenye hamu, N ni wastani wa simulesheni ambazo kila moja yenye hamu inaendesha. Sehemu ya watu walio ndani ni phN ÷ (phN + 1). Weka p = 0.01, h = 0.01, N = 1,000,000. phN inakuwa 100, jibu 100 ÷ 101, yaani asilimia 99. Hata ukiwa bahili kwenye p na h, N inakumaliza.

Gharama aliikadiria hivi: ubongo mmoja hufanya shughuli za hesabu 10^14 (yaani 1 ikifuatwa na sifuri 14) hadi 10^17 kwa sekunde, fikra za wanadamu wote tangu mwanzo ni 10^33 hadi 10^36, na kompyuta yenye uzito wa sayari ingefanya 10^42 kwa sekunde.

Kuna sharti limefichika chini ya mkeka: kwamba fahamu hutokea popote hesabu sahihi inapofanyika, iwe kwenye nyama ya ubongo au kwenye chuma. Anayeamini kwamba roho hupuliziwa na haizaliwi na hesabu, huyu ana haki ya kushukia kituo hiki, na hajakosea njia. Waliobaki kwenye basi, nondo zishuke.

#2 Pweza Mkavu

Nimekaa mkao wa kula. Ila niweke langu mapema: miaka yote Muumba alikuwa ngano za wazee. Leo kavishwa fulana na kupewa kompyuta, watu wa teknolojia wanamkubali bila hata kuomba ushahidi. Mwaka 2016 Elon Musk alisema hadharani kwamba uwezekano wa sisi kuwa kwenye ulimwengu wa msingi, ule usioendeshwa na kompyuta yoyote, ni mmoja kwa mabilioni. Padri akisema hivyo anaitwa mshamba.

#3 Shangazi Kokotoo

Kabla hamjaenda mbinguni, tusahihishe hesabu za chini.

Kwanza, zidisheni wenyewe. Watu bilioni 100 × miaka 50 × sekunde milioni 30 kwa mwaka = 1.5 × 10^20. Zidisha kwa 10^14 unapata 1.5 × 10^34, zidisha kwa 10^17 unapata 1.5 × 10^37. Makadirio ya 10^33 hadi 10^36 yamepungua mara kumi na ushei. Haiiui hoja, kwa sababu kompyuta ya 10^42 bado inamaliza historia yote ya wanadamu zaidi ya mara 60,000 kwa sekunde moja hata kwa kiwango cha juu. Lakini mtu akikunukulia namba, izidishe.

Pili, na hili ndilo zito. Ile kanuni ya #1 inafanya kazi tu ikiwa jamii zinazoendesha simulesheni na zisizoendesha zina wastani sawa wa watu. Chukua jamii 100. Moja tu ndiyo inaendesha, na inaendesha simulesheni 100 za historia yake yenye watu bilioni 1. Jamii 99 zilizobaki haziendeshi kitu, ila kila moja ina watu trilioni 1. Kanuni inasema phN = 1, kwa hiyo nusu ya watu wamo ndani. Hesabu vichwa sasa: walio ndani ni bilioni 100, walio nje ni trilioni 99 na kidogo. Asilimia 0.1. Toka 50 mpaka 0.1 kwa kubadili dhana moja ambayo haikutajwa! Bostrom mwenyewe akishirikiana na Kulczycki walikiri pengo hili na kulitia kiraka mwaka 2011, kwa kuongeza masharti kuhusu tofauti ya idadi hizo.

Kwa hiyo anayekuja hapa na "asilimia 99" kama hoja ya kuwepo au kutokuwepo kwa Mungu, aonyeshe kwanza amehesabu vichwa vya nani.

#4 Darasa la Usiku

Shangazi umenyoosha. Sasa tuingie kwenye ilmul-kalam, elimu ya Kiislamu ya kujadili akida kwa hoja za akili, maana swali la mada lina jibu la zamani kuliko kompyuta.

Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki 1037, aligawa vilivyopo mafungu mawili: kilicho wajibu kuwepo, na kilicho mumkini kuwepo. Mumkini ni kile ambacho kingeweza kuwa au kutokuwa, kwa hiyo kinahitaji kitu kingine kikipe kuwepo. Chukua huyo mwendesha simulesheni, mkague kama fundi anavyokagua injini:

Alianza? Ndiyo, kwa mujibu wa hoja yenyewe, maana ni kizazi cha jamii iliyokua mpaka ikafika. Anategemea kitu? Umeme, mashine, nafasi ya kumbukumbu, na ulimwengu wenye kanuni zinazoruhusu mashine hizo. Anaweza kukoma? Anaweza. Basi ni mumkini, sawasawa na mimi na wewe na mbu. Ukubwa wa uwezo wake haumtoi kwenye fungu hilo. Aliyeumba anga lote tunaloliona lakini akawa anahitaji umeme ni kiumbe mkubwa, kiumbe tu.

Hapa ndipo kisa cha Nabii Ibrahimu katika Suratul-An'am (6:76–79) kinapokaa vizuri kuliko mifano yote ya kisasa. Aliiona nyota, akaona mwezi, akaona jua, na kila kimoja kilipotua alikikataa kwa sababu moja: kinatua. Hakulalamika kwamba jua ni dogo au halina nguvu. Mwendesha simulesheni anatua.

Ukisema juu yake kuna mwingine, na juu ya huyo mwingine, bila mwisho, umeangukia tasalsuli, msururu usio na mwanzo. Wanakalamu waliikataa kwa sababu ukiunganisha mikono mitupu bila kikomo, bado hakuna mkono wenye kitu.

Jambo la pili ni tamu zaidi, nalo linawashangaza watu wa kompyuta. Mwanakalamu Ashari (alifariki 936) na waliomfuata walisema ulimwengu umeundwa kwa jauhari, chembe zisizogawanyika, na aradhi, sifa zinazovikwa chembe hizo kama rangi, mwendo na joto. Na aradhi haidumu nyakati mbili. Kila lahadha inaumbwa upya. Kinachoonekana kama kitu kimoja kinachoendelea ni uumbaji unaorudiwa. Ghazali, katika mas-ala ya 17 ya kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa (kama mwaka 1095), akachukua pamba na moto: unachoshuhudia ni pamba kuungua *moto unapogusa*, hujashuhudia pamba kuungua *kwa sababu ya* moto. Anayeunguza ni Mungu, na mazoea tunayoyaita sababu ni ada aliyoiweka na anayeweza kuivunja.

#5 Bomba la Gesi

Darasa, hapo kwenye pamba naomba nipasue kidogo, kwa macho ya anayeandika programu.

Simulesheni yoyote ina vitu vitatu: hali (orodha ya thamani za kila kitu wakati huu), kanuni ya mpito (inayosema hali hii inazaa hali ipi), na mashine inayotekeleza. Pamba ni safu kwenye orodha, moto ni safu nyingine. Moto "ukigusa" pamba, hakuna chochote kinachotoka kwenye safu ya moto kwenda kwenye safu ya pamba. Kichakataji kinasoma zote mbili, kinapiga hesabu, kinaandika thamani mpya. Moto haujafanya kitu. Ghazali angetikisa kichwa kwa kuridhika.

Tofauti iko kwenye kanuni ya mpito. Programu inayotegemea hali iliyopita *lazima* isome hali iliyopita. Ukiacha kanuni ifanye kazi, fundi ameshaondoka mezani, na ulimwengu una tabia yake wenyewe. Huo ni upande wa mwanafalsafa Ibn Rushd aliyemjibu Ghazali kwamba anayekana sababu amekana akili. Kwa hiyo simulesheni ni Ghazali kwenye mashine na Ibn Rushd kwenye msimbo. Msichague upande mmoja mkadhani kompyuta imewaamulia ugomvi wa karne tisa.

Na kuhusu chembe: wanafizikia Beane, Davoudi na Savage mwaka 2012 walijiuliza, kama anga limewekwa juu ya nyuzi za mraba kama chandarua, tutaonaje? Jibu lao: miale ya anga (chembe zinazotufikia kutoka anga za mbali) yenye nishati kubwa kabisa, kama 10^20 eV, kipimo cha nishati ya chembe, isingetoka pande zote kwa usawa, ingeonyesha upendeleo wa kufuata mistari ya chandarua. Kwa nishati tunazoziona, tundu la chandarua haliwezi kuzidi kama 2 × 10^-27 mita. Hicho ni kikomo tu. Haithibitishi chandarua kipo, na ikiwa fundi hakutumia nyuzi za mraba kipimo hakimkamati.

#6 Kinyonga wa Juzi

Si ilishathibitishwa 2017 kuwa haiwezekani? Niliona kwenye habari.

#7 Bomba la Gesi

Hapana. Ringel na Kovrizhin walionyesha kwamba njia moja maarufu ya kukokotoa tabia fulani za kwantamu inagharimu maradufu kila unapoongeza chembe. Waandishi wa habari wakamalizia wenyewe. Ni kweli gharama inatisha: chembe 300 zenye hali mbili mbili zinahitaji namba 2^300, kama 2 × 10^90, kuzieleza kikamilifu kwenye kompyuta ya kawaida. Lakini hiyo ni bei kwa *vifaa vya huku kwetu na fizikia ya huku kwetu*. Huwezi kumpangia bei mtu wa ulimwengu wa juu kwa kutumia duka la huku chini.

#8 Mtumishi wa Kando

Nilete upande wa Ukristo, kwa sababu una vidonda viwili ambavyo hoja hii inavigusa moja kwa moja.

Kwanza nimuunge mkono Darasa kwa njia ya mwanateolojia Thomas wa Akwino (1225–1274). Yeye alitofautisha misururu miwili ya sababu. Babu kazaa baba, baba kazaa mwana: babu akifa, mwana anaendelea kuzaa. Msururu huo, kwa Thomas, kwa akili tu huwezi kuthibitisha kwamba ulikuwa na mwanzo. Mkono unasukuma fimbo, fimbo inasukuma jiwe: mkono ukisimama, jiwe linasimama papo hapo. Huo lazima uwe na kisukumacho cha kwanza. Swali la mtihani: ghorofa za simulesheni ni msururu wa aina gani? Watu wengi wanasema ni wa babu na mjukuu, na wamekosea. Simulesheni iliyo ndani ya simulesheni haina mashine yake. Kila hesabu ya ghorofa ya tano inatekelezwa, sasa hivi, na mashine ya ulimwengu wa msingi. Umeme ukikatika kule, ghorofa zote zinazimika kwa pamoja. Ni mkono na fimbo. Kwa hiyo nadharia hii, badala ya kumfukuza Mungu wa Thomas, imetengeneza mfano mzuri wa kumweleza darasani: "ndani yake yeye tunaishi, tunakwenda, na kuwa na uhai wetu" (Matendo 17:28).

Kidonda cha kwanza ni Demiurgo. Wagnostiki wa karne ya 2 walifundisha kwamba ulimwengu wa maada uliundwa na kiumbe wa daraja la chini, mjinga wa kilicho juu yake, anayedhani yeye ndiye Mungu pekee. Ireneo wa Lyon aliwaandikia kitabu kizima kuwapinga, kama mwaka 180. Maandishi yao mengi yalifukuliwa Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945. Soma maelezo yao ya Yaldabaothi, jina walilompa Demiurgo huyo, kisha soma maelezo ya fundi wa simulesheni asiyejua kama naye yumo ndani ya nyingine: ni mtu yuleyule. Kanisa halikukataa Demiurgo kwa sababu alikuwa dhaifu mno. Lilimkataa kwa sababu mafundisho yake yanageuza wokovu kuwa *kutoroka*, na mwili kuwa jela. Anayehubiri leo kwamba lengo ni "kutoka kwenye simulesheni" amevaa kanzu ya Valentino, mwalimu wa Wagnostiki, bila kujua.

Kidonda cha pili ni Neno kufanyika mwili. Wengine husema rahisi tu: fundi aliingia kwenye gemu kwa kutumia mhusika. Hapana! Huo ni uzushi wa wadoketi, waliosema mwili wa Kristo ulikuwa sura tu, na Ignasio wa Antiokia aliupiga vita mapema karne ya 2. Mchezaji wa gemu mhusika wake akichomwa mkuki, yeye yuko kitini na soda yake. Ili mfano ulingane na mtaguso wa Kalkedoni wa 451, ingebidi akili ya fundi iendeshwe ndani ya mashine, ikiwa na mipaka ya ubongo ule, njaa ile, kutojua kule, maumivu yakiwa yake kweli, *na* wakati huohuo abaki fundi bila kupungua. Sijaona mpangilio wa programu unaofanya yote mawili bila kutokea nafsi mbili (huo ni Unestorio) au moja iliyochanganyika (huo ni Ueutike). Kompyuta haijarahisisha fumbo, imeonyesha tu kwa nini mababa walibishana miaka mia.

#9 Pweza Mkavu

Madini haya. Nirudi kwenye swali ninalolipenda: mabaya. Tetemeko, kansa ya mtoto. Kwa dini ni mwiba. Kwa simulesheni, jibu jepesi: fundi ni binadamu wa baadaye, mzembe au mkatili, na Mungu wa juu hana hatia. Si mmeponea hapo?

#10 Mtumishi wa Kando

Hoja hiyo ipo na ina wenyewe. David Kyle Johnson aliigusa 2011, Barry Dainton aliikuza 2020: kama tetemeko limepangwa na viumbe wenye hiari, basi si baya la maumbile tena, ni baya la kimaadili, na kinga ya zamani ya hiari (kwamba Mungu aliwapa viumbe uhuru, hata wa kutenda mabaya) inalifunika. Inavutia. Inavunjika sehemu mbili.

Moja, baya halikufutwa, limehamishwa ghorofa. Mungu aliyeruhusu fundi aendeshe tsunami anaulizwa swali lilelile aliloulizwa akiruhusu tsunami yenyewe, na pengine kwa ukali zaidi, maana sasa kuna mkosaji mwenye jina aliyeweza kuzuiwa.

Mbili, inafanya kazi tu kama ghorofa ya msingi haina kansa wala matetemeko. Kama fundi anaiga *mababu zake*, basi mababu zake waliugua. Simulesheni ya historia inanakili mabaya, haiyabuni.

#11 Shangazi Kokotoo

Niongeze moja ambalo naona limeachwa. Watu wanasema fundi "anajua yote" kwa kuwa anaona kumbukumbu yote ya mashine. Kuona hali ya sasa na kujua yajayo ni vitu viwili. Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba hakuna njia ya jumla ya kutabiri kama programu yoyote itasimama au itaendelea milele. Kwa programu nyingi zenye utata, njia pekee ya kujua hatua ya milioni ni kuzipita zile 999,999.

Maana yake kwa mada: fundi akitaka kujua kama vita itatokea mwaka fulani, hana jinsi ila kuiendesha mpaka mwaka huo. Na ikiwa walio ndani wana fahamu, kuiendesha ndiko kupigana kwenyewe. Hawezi kuchungulia kwanza halafu akaamua. Akifuta na kurudia, maumivu yaliyokwisha kuhisiwa yamehisiwa. Elimu yake daima iko nyuma ya tukio.

#12 Darasa la Usiku

Shangazi, hiyo ni ya kuandikwa kwa wino. Ndiyo tofauti kamili na Lauhul-Mahfudhi, ubao uliohifadhiwa wenye maandiko ya yote yatakayokuwa. Elimu ya Mwenyezi Mungu katika akida haipatikani kwa kutazama wala haingoji tukio. Kuna wanaosema, "kadari ni kama kutumia mbegu (namba ya kuanzia) ileile kwenye kizalisha namba za nasibu." Kwa nje mfano unapendeza: ukianza na mbegu ileile, mfululizo ni uleule kila mara, na aliye ndani anaona bahati tupu wakati kila kitu kimeshapangika. Lakini aliyeweka mbegu hajui mfululizo mpaka aupige. Ameandika bila kusoma alichoandika. Kwa hiyo mfano unaeleza *kupangika* na unashindwa kwenye *kujua*. Utumieni nusu.

#13 Kinyonga wa Juzi

Sasa mtu wa kawaida afanye nini? Tuombe kwa fundi au tumruke?

#14 Darasa la Usiku

Mruke. Kumwomba kitu kilicho kwenye uwezo wake si ajabu, kama unavyomwomba jirani akuvushe mto. Kumwabudu ndiyo shirki, na uwezo wa kuumba ulimwengu mdogo hauhalalishi. Suratul-Hajj (22:73) inasema wanaoombwa badala ya Mungu hawawezi kuumba hata nzi. Mtu atasema fundi ameumba nzi bilioni. Hapana: amepanga upya kile alichokikuta, umeme na silikoni na kanuni za hesabu. Kuumba bila kukuta kitu ni jambo lingine.

Cha ajabu mwanafalsafa David Chalmers, ambaye si mtu wa dini, naye alifika karibu na hapo mwaka 2022: anakubali fundi anaweza kuitwa muundaji, mwenye nguvu na ujuzi juu ya ulimwengu huu, na bado haoni kwa nini yeyote amwabudu.

#15 Bomba la Gesi

Upande wa ufundi wa dua, kwa aliyeuliza: tatizo la fundi halitakuwa wingi wa maombi. Anaweza kusimamisha simulesheni miaka elfu ya kwake, asome watu bilioni 8 mmoja mmoja, aiwashe tena, na wewe usihisi hata nukta. Tatizo ni tafsiri. Kumbukumbu ya mashine haina sentensi "Ee Bwana, nisaidie". Ina hali za chembe. Kupata maana kutoka huko inabidi ajenge kisomaji cha bongo zetu, na kisomaji hicho kinaweza kukosea. Mungu mwenye kisomaji kinachokosea… endeleeni wenyewe.

#16 Pweza Mkavu

Na ufufuo? Hapo angalau simulesheni imewapa zawadi. Nakala ya akiba ya kila mtu, siku ikifika inarudishwa. Mifupa iliyooza haina shida tena.

#17 Mtumishi wa Kando

Zawadi yenye sumu. Kinachorudishwa kutoka kwenye nakala kinaweza kurudishwa mara mbili. Rudisha nakala ya Juma leo kwenye chumba A na chumba B. Wote wanakumbuka harusi yao, wote wana deni lilelile. Nani anahukumiwa? Ukisema wote, umemhukumu mtu mmoja mara mbili au umeumba mtu mwenye hatia ya jambo ambalo hakulitenda. Ukisema mmoja, nionyeshe alama inayowatofautisha. Mwanafalsafa wa dini John Hick alipotetea katika kitabu chake cha 1976 kwamba ufufuo ni Mungu kuumba nakala kwenye ulimwengu mwingine, alibanwa kwa swali hilihili, akajitetea kwamba Mungu hatawahi kuumba mbili. Lakini kama mimi ni mimi *kwa sababu tu* hakuna wa pili, basi nafsi yangu inategemea kitu kilicho nje yangu kabisa.

#18 Darasa la Usiku

Na ndiyo maana hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim inafaa kusomwa upya: mwili wote wa mwanadamu huoza isipokuwa ajbudh-dhanab, kifupa cha mwisho wa mgongo, na kutokana nacho ataundwa tena. Wengine wanaona ni maelezo ya anatomia tu. Ukiisoma ukiwa na tatizo la nakala mbili kichwani, unaona kazi yake: kuna kitu kimoja, kilekile, kinachovuka kutoka mwili wa kwanza kwenda wa pili. Kifupa kimoja hakiwezi kuwa chumba A na chumba B. Faili linaweza.

#19 Kipimajoto (mleta mada)

Uzi umepanda kuliko nilivyotarajia. Niongeze kitu cha huku kwetu, maana tunajibu kana kwamba fikra zote zimetoka Baghdadi na Paris.

Alexis Kagame, padri na mwanafalsafa wa Rwanda, mwaka 1956 aligawa vilivyopo kwa kufuata ngeli: muntu, kiumbe mwenye akili, kintu, kisicho na akili, hantu, mahali na wakati, kuntu, namna. Kote kuna shina -ntu. Mungu alimweka nje ya makundi yote manne. Sasa weka watu wawili kwenye mizani: aliye ndani ya simulesheni na anayeiendesha. Aliye ndani akiwa na akili ni *mu*ntu. Kwamba ameundwa kwa umeme badala ya udongo hakumhamishi kwenye ki-vi. Na anayeendesha naye ni muntu, kwa sababu yuko mahali, ana wakati, ana namna. Ngeli yao ni moja. Hoja ya Darasa ya wajibu na mumkini inapatikana humu kwa njia ya sarufi.

Hilo lina makali ya kimaadili. Kuna wanaosema wengine wote ni "wahusika wa pembeni", ganda bila fahamu, kwa hiyo ukiwadhulumu hujadhulumu mtu. Bostrom aliitaja hali hiyo ya simulesheni ya mtu mmoja na kueleza kwamba hakuna sababu ya kudhani ni ya kawaida. Huwezi kumwita mtu "kile" kwa sababu ya dhana.

Na wale wanaonukuu "dunia hadaa" kama ushahidi, mazigazi yanayotajwa katika utenzi wa Al-Inkishafi wa kule Pate hayasemi jangwa halipo. Mwenye kiu anadanganyika kuhusu *maji*. Mshairi analalamikia thamani tunayoupa ulimwengu, hakatai kwamba upo. Ndiyo maana Chalmers anasisitiza kwamba hata ndani ya simulesheni meza ni meza: kujua imetengenezwa na nini hakuifanyi isiwepo.

#20 Shangazi Kokotoo

Kuna swali mmelipita. Tukifika sisi wenyewe kwenye uwezo huo, inafaa tuwashe? Na tukishawasha, kuzima ni nini?

#21 Mtumishi wa Kando

Kama #19 ni sahihi, kuzima bila kuhifadhi ni kuua. Kusimamisha ukahifadhi ni kama usingizi, mradi utarudisha. Kuendesha ya pili kwa makusudi ya kuangalia watu wanavyoteseka ni dhambi hata kama uliandika fomu ya utafiti.

#22 Pweza Mkavu

Na huyo fundi wetu, akijua haya, si angeogopa? Maana naye hajui kama yuko juu kabisa.

#23 Kipimajoto (mleta mada)

Bostrom aliliona hilo mwaka 2003. Kila ghorofa ina sababu ya kushuku kuna iliyo juu yake inayotazama na pengine kuhukumu, na hata aliye kwenye ya msingi hana uhakika kwamba ni ya msingi. Kwa hiyo wote wana sababu ya kujiheshimu.

#24 Darasa la Usiku

Basi naye anadaiwa sala tano kama sisi. Alfajiri yake sijui inaingia saa ngapi.